Kipande cha Pili cha Mstari

Ofisini tulimwita Ngazi. Jina hilo alilipata kwa namna alivyoandika programu: ukifungua kazi yake kwenye kompyuta unakuta mistari mifupi mifupi, imekatwa, vipande vimesogezwa ndani, yote inashuka upande wa kushoto wa kioo kama ngazi ya kupandia darini. Hakukasirika hata siku moja. Ukimwita "Ngazi!" aliitika, "Panda taratibu." Jina lake halisi nadhani mhasibu peke yake ndiye aliyekuwa bado analikumbuka.

Meza yangu ilikuwa ubavuni mwa yake, na tulikaa hivyo miaka mingi hadi nikawa najua mlio wa kiti chake. Niseme mapema kwamba mimi si mtu mpole. Nina mdomo, kitengo kizima kinajua. Kwa hiyo nikianza kuwasema watu huko mbele, msidhani nawasengenya. Niliwasema wakiwepo.

Kazi yetu ilikuwa kutunza programu ya benki ya damu. Hospitali ikipokea mfuko wa damu, unaingizwa kwenye kompyuta: ni wa kundi gani, umepokelewa lini, muda wake unakwisha lini. Ukitolewa kwa mgonjwa, unaondolewa. Muuguzi akitaka damu ya kundi fulani anabonyeza, anaambiwa imebaki mifuko mingapi. Basi. Si kazi ya kujivunia mbele ya wakwe, lakini kila saa kuna mtu kitandani anaitegemea bila kujua kama sisi tupo.

Sasa, kwa asiyeijua, programu ni maelekezo yaliyoandikwa mstari kwa mstari. Maelekezo mengine ni mafupi, mengine yana masharti mengi: kama mfuko ni wa kundi hili, na muda wake bado, na haujatolewa, basi uhesabu. Mstari wa namna hiyo ukirefuka sana unaukata, kipande cha pili unakishusha chini. Hapo ndipo ugomvi unapozaliwa, maana lazima uamue kipande hicho kianzie wapi. Kompyuta haijali; kianzishie popote, yenyewe itasoma. Anayejali ni binadamu atakayefungua faili hilo kesho, atake kujua kwa kutupa jicho tu: huu ni mstari unaojitegemea, au ni mkia wa ule wa juu?

Mimi nilikuwa wa kundi la mabano. Mabano yanayozunguka masharti yakifunguka katikati ya kioo, basi na mkia unaanzia katikati ya kioo, chini yake kabisa, umenyooka. Napenda vitu vilivyonyooka. Ngazi alikuwa na sheria zake, na kwenye sheria hizo alikuwa na kichwa kigumu kuliko mtu yeyote niliyewahi kufanya naye kazi. Mstari usivuke nusu ya kioo. Ukiukata, ukate kabla ya ile alama ya "na" au ya "au", ili mkia uanze na alama hiyo na kujitambulisha wenyewe. Na mkia usogezwe ndani hatua mbili, kamwe si moja, kwa sababu hatua moja ndiyo nafasi ya maelekezo ya kawaida yanayokaa chini ya sharti.

"Mkia ujulikane kuwa ni mkia," alikuwa akisema.

"Kaka, lakini kioo chote hiki na upana wake, mbona wewe unajibana pembeni kama mgeni asiyekaribishwa?"

"Wewe andika mpaka ukutani, dada. Mimi macho yangu yanachoka kusafiri."

Tulicheka sana siku hiyo. Alikuwa ametuambia ukweli mtupu, nasi tukauchukulia mzaha, naye akafurahi kwamba tumeuchukulia mzaha.

Kabla ya kompyuta alikuwa kwenye kiwanda cha uchapaji, mpanga kurasa. Huko ndiko alikojifunza kwamba mstari una mahali pa kukatwa na mahali pasipokatwa, na kwamba msomaji akipotea, kosa ni la aliyepanga. Mashine mpya zilipoingia wenzake wakapunguzwa, yeye akajifundisha kuzitumia hizo mashine, kisha akajifundisha kuziandikia programu, kisha akaja kwetu. Alikuja amevaa shati lililopigwa pasi hadi mikunjo ya mikono inakata. Mkewe ni fundi cherehani, ana chumba kimoja cha kushonea mtaa wa nyuma ya ofisi yetu, na mashati yote yale ni kazi ya mkono wake.

Hao wawili walikuwa wanatuchekesha. Kila asubuhi walifika pamoja, wameshikana mikono kama wachumba, kutoka kituoni mpaka mlangoni kwetu na kupanda mpaka orofa yetu. Watu wazima, wana binti aliyekwisha olewa! Tulipiga vigelegele dirishani. "Jamani mapenzi!" nilikuwa nawapigia kelele. "Wifi, mwachie sasa, hatumli!" Wifi alicheka, akamfikisha mezani, akamvutia kiti, akaondoka. Jioni anamfuata tena. Wanawake wa ofisini walikuwa wanawasema waume zao kwa sababu ya yule mwanamume.

Siku moja jioni wifi alichelewa. Tulikuwa tunatoka wote, nikamkuta Ngazi amesimama juu ya ngazi za jengo, ameshika chuma cha pembeni, hashuki.

"Twende, kaka."

"Tangulia, dada. Namsubiri mama watoto."

Nikatangulia, lakini nilikuwa nimesahau mwavuli, nikarudi. Wifi naye alikuwa amefika, jasho linamtoka, amemshika mkono, wanashuka. Hawakuniona. Nilimsikia wifi anasema kwa sauti ya chini, taratibu, kama mtu anayembembeleza mtoto alale: "Kidato. Kidato. Kidato kingine. Haya, sakafu." Nilibaki nimejibanza ukutani na mwavuli wangu. Nilikumbuka vigelegele vyote vile nikaona aibu mpaka masikio yakawa ya moto.

Kesho yake nilimngoja mpaka wenzetu wametoka kwenda kula, nikavuta kiti changu karibu na chake.

"Kaka, macho yako yana nini?"

Akacheka kidogo. "Nani kakwambia?"

"Hakuna. Nimewaona jana."

Akanieleza. Presha ya macho. Ilianzia pembeni na kuja ndani polepole, kama pazia linalovutwa pande zote mbili, mpaka akabaki anaona kama mtu anayechungulia kwenye tundu la ufunguo. Kinachokuwa mbele kabisa anakiona, na anakiona vizuri. Cha pembeni hakipo. Ile droo niliyowahi kuiacha wazi, akajigonga goti akailaani, hakuwa ameiona. Ile chai aliyowahi kuimimina nje ya kikombe, hakukiona kikombe. Na mistari ile mirefu yetu, akitazama mwanzo wake, mwisho hana. Akihama kuutafuta mwisho, anaporudi hajui alikuwa mstari upi.

"Lakini mistari yangu naisoma," akasema. "Naiweka kushoto, mifupi, naiteremkia moja kwa moja. Nikiona mstari umeingia ndani hatua mbili, najua huo ni mkia, hata sihitaji kutazama mwisho wa ule wa juu. Nikiona alama ya 'na' mbele, najua sharti linaendelea. Ukingo wa kushoto ndio unaoniambia kila kitu, dada. Mnaniita Ngazi. Mimi hiyo ndiyo fimbo yangu ya kutembelea."

"Na daktari anasemaje?"

"Dawa ya matone inachelewesha. Hairudishi kilichokwenda."

Nilimwambia amwambie mkuu wa kitengo. Alinishika kifundo cha mkono, akashika kwa nguvu. Mama yake alikuwa karani wa mahakama, mwanamke wa kuandika, mwandiko wake watu waliusifia. Ugonjwa huo huo ulimpofusha mama wakati Ngazi bado ni mwanafunzi. Tangu hapo mama akakaa kwenye kiti kando ya mlango. Kila aliyepita, alimuuliza: "Nani huyo?" Watu walianza kwa kujibu. Baadaye wakawa wanapita kimya, wananyata, kwa kuwa kujibu kunachosha.

"Mimi mwenyewe nimewahi kumpita hivyo," akasema. "Mama yangu mzazi. Sasa wewe niambie, nikiitoka meza hii naenda wapi? Naenda kwenye kiti. Niache nifanye kazi maadamu naweza kusoma. Siku nisipoweza nitasema mwenyewe."

Nikamwahidi. Ilikuwa siri yake, haikuwa yangu.

Mkuu wetu wa zamani alistaafu, akaja mpya. Nilijiandaa kumchukia nikashindwa. Alikuwa kijana mpole, anasalimia mpaka mfagizi, anajua kazi. Tatizo lake lilikuwa usafi. Alifungua mafaili yetu akakuta kila mtu anakata mistari anavyojua, huyu chini ya mabano, yule hatua moja, mwingine hatua tatu kwa sababu siku hiyo aliamka vibaya. Ni kweli ilikuwa vurugu. Akatuletea programu ndogo inayopanga upya mafaili yote kwa mtindo mmoja. Tukaiita Pasi. Unaipitisha juu ya kazi, mikunjo yote inalala.

Mtindo wa Pasi ulitoka alikofanya kazi zamani: mstari mrefu karibu upana wote wa kioo, alama za "na" na "au" zikae mwishoni mwa mstari, kulia, na mkia usogezwe ndani hatua moja tu.

Kwenye kikao Ngazi aliinua mkono. Hakuwa mtu wa kuinua mkono.

"Mkuu, mrefu sawa, tutazoea. Lakini mkia ukiingia hatua moja unakaa sawasawa na maelekezo ya ndani. Huwezi kuvitofautisha. Hatua mbili, Mkuu. Angalau hatua mbili."

"Unatofautisha kwa alama iliyo mwishoni, kaka. Ukiona 'na' imening'inia kule kulia, unajua kuna mkia chini."

"Na asiyetazama kulia?"

Watu wakacheka. Mkuu hakucheka, aliuliza kwa heshima kabisa, "Kwa nini asitazame kulia? Nipe sababu, kaka, nibadilishe hata leo."

Pale pale nafasi ilikuwa imefunguka. Mlango umeachwa wazi, mtu mwema ameushikilia. Nilimtazama Ngazi nikamwomba kwa macho, kana kwamba angeweza kuniona nikiwa nimekaa ubavuni kwake. Akasema, "Mazoea tu, Mkuu. Uzee." Nilitaka kumpiga. Nasema kweli, nilitaka kumpiga kwa ile kalamu niliyoshika.

Jumatatu Pasi ikapita. Kazi yake yote ya miaka ikanyooshwa kabla chai haijapoa. Alifungua faili lake, akakaa. Alikuwa kama mtu aliyerudi nyumbani kwake akakuta vyombo vimehamishwa vyote na hakuna aliyemwambia. Alipeleka uso kulia, akaurudisha, akaupeleka tena. Kisha akajikaza kisabuni, akaniambia, "Naona ofisi imependeza."

Alibuni njia. Akitaka kugusa faili, kwanza aliikata mistari upya kwa mkono, kwa mtindo wake, kwenye kompyuta yake. Anasoma, anafanya kazi. Akimaliza, akiituma, Pasi inainyoosha tena. Kazi ya saa moja ikawa ya nusu siku. Akaanza kuitwa mzito. Alikuja mapema, wifi naye ikabidi afungue chumba chake mapema, na nguo za watu alizishona huku anasinzia. Miezi ikaenda hivyo. Niliwahi kumkatia mistari mwenyewe akiwa ametoka kidogo. Aliporudi alijua, akanishukuru kwa hasira, akaniomba nisirudie.

Kisha hospitali wakaomba jambo dogo sana. Ndani ya sehemu inayohesabu mifuko, muda ulikuwa unakaguliwa mara mbili: mara ya kwanza kwenye sharti, mara ya pili chini yake, ambako ukaguzi ulikuwa wa kutoa ujumbe tu, ujumbe uliowachosha wauguzi. Wakasema uondoeni. Ni kazi ya kufuta mstari mmoja. Mkuu alimpitia Ngazi mezani, akamwambia, "Kaka, nifanyie sasa hivi, wananisubiri kwenye simu," akasimama pale pale nyuma yake.

Mtu amesimama nyuma yako, huwezi kuanza kukata mistari upya. Angeulizwa. Akafungua faili kama lilivyo, mistari mirefu ya Pasi, na akaanza kuteremka na ukingo wa kushoto kama alivyozoea.

Sharti lilikuwa limekatwa vipande vitatu. Kundi ni sawa, na, muda bado, na, haujatolewa. Zile "na" zilikuwa mbali kulia, gizani kwake. Kushoto aliona mstari umeingia ndani hatua moja, umeanza na ukaguzi wa muda. Hatua moja, maana yake maelekezo ya ndani. Huo ndio niliotumwa kuufuta, akadhani. Akaufuta. Alikuwa amefuta kipande cha kati cha sharti. Kompyuta haikulalamika, kwa kuwa vipande viwili vilivyobaki viliungana vizuri tu: kundi ni sawa, na haujatolewa. Mkuu alisoma mabadiliko pale pale, akaona neno la muda limefutwa kama ilivyoombwa, akayapitisha. Tangu dakika ile, benki ya damu ikaanza kuhesabu na mifuko iliyokwisha muda.

Ilichukua siku chache. Mwanamke alijifungua, damu ikamtoka kupita kiasi. Muuguzi akabonyeza, kompyuta ikamwambia mifuko ipo. Akakimbia kwenye jokofu. Iliyokuwepo ya kundi lile ilikuwa rafu ya chini, imewekwa alama nyekundu, inangoja kuteketezwa. Ikabidi gari litumwe hospitali nyingine. Yule mama alipona. Niliuliza, na nikauliza tena kwa mtu mwingine, kwa kuwa sikuamini jibu la kwanza. Lakini alisubiri damu akiwa anatoka damu, na mumewe alikuwa mlangoni anasikia watu wanakimbia.

Mkuu alituita chumba cha mikutano, akalionyesha faili ukutani kwa ile mashine ya kurushia picha. Hakupiga kelele. Alionyesha pengo. Kompyuta huandika ni nani aliyegusa nini, kwa hiyo hakukuwa na fumbo; jina lilikuwa pale ukutani, na kwa mara ya kwanza kitengo kizima kilisoma jina halisi la Ngazi.

Yeye mwenyewe hakulisoma. Alikuwa amegeuza uso upande wa ukuta, lakini si mahali picha ilipo.

"Mkuu," akasema, "nisomee nilichofuta."

"Kiko pale, kaka."

"Nisomee."

Mkuu akasoma. Ngazi akaushika ukingo wa meza kwa mikono miwili. Akauliza kama yule mama anaishi. Akaambiwa anaishi. Ndipo akasema yote, toka mwanzo, bila kujitetea, sauti yake ya kawaida: pazia, tundu la ufunguo, ukingo wa kushoto, hatua mbili. Alisema pia kwamba alipoulizwa sababu alidanganya. Mwanamke mmoja wa waliokuwa wanapiga vigelegele dirishani akaanza kulia, nami nikamwambia anyamaze, kwa kuwa akilia na mimi nitalia, na mimi nikilia nasikika mpaka barabarani.

Mkuu alikaa chini. "Niliyepitisha ni mimi," akasema. "Na macho yangu mazima."

Ngazi akapewa ruhusa apumzike nyumbani. Sisi tulibaki, na hapo nitawasifu watu, jambo nisilolizoea. Hakuna aliyetumwa. Mkuu alirekebisha kosa siku ile ile, kisha akaifungua Pasi yenyewe, akaanza kuifundisha mtindo mpya. Mstari usivuke nusu ya kioo. Ukatwe kabla ya "na". Mkia uingie ndani hatua mbili. Si rahisi kama inavyosikika. Kila sheria inagombana na nyingine, ukirekebisha huku kunaharibika kule, na kila faili lilibidi lipitiwe na jicho la mtu. Tuligawana. Watu wa mabano, watu wa hatua moja, wote tulikaa tunakata mistari kwa sheria za Ngazi, na tukigombana mstari ukatwe wapi, mtu aliuliza, "Yeye angekata wapi?" Na tulijua. Miaka yote ile ya kumcheka ilikuwa imetufundisha.

Mimi nilikuwa na matumaini, siwezi kuficha. Nilimwona kabisa amekaa pale, anateremka na ukingo wake, na sasa bila kujificha. Niliona hata namna nitakavyomtania. Ijumaa tukamaliza. Mkuu akampigia simu mkewe: mlete, tuna kitu cha kumwonyesha.

Wakaja. Shati limenyooka. Wifi alimfikisha kwenye meza yake, akamvutia kiti, safari hii hakuondoka, alisimama mlangoni ameshika pochi yake kwa mikono miwili. Ngazi alifungua mdomo aseme neno, lakini Mkuu alikuwa amekwisha anza. Akamweleza haraka haraka kama mtoto: yote, kaka, benki nzima, nusu ya kioo, "na" mbele, hatua mbili, na hakuna atakayebadilisha tena. "Fungua uone!"

Ngazi akapapasa kibodi, akafungua faili. Alikuwa anajua kuyafungua mafaili kwa vidole. Akauelekeza uso kwenye kioo. Ofisi nzima tulikuwa tumemzunguka.

"Ehee," akasema. Akashuka taratibu, ukurasa baada ya ukurasa. "Ehee. Sasa nasoma. Jamani, sasa nasoma kama zamani. Mungu awape heri."

Watu wakapiga makofi. Mkuu alikuwa anacheka huku anajifuta uso na mkono wa shati. Nami nikainama kwa furaha juu ya bega la Ngazi kuangalia ile kazi yetu, na nikaona mistari mirefu. Ilivuka kioo kutoka mwanzo mpaka mwisho, mikia imeingia hatua moja, zile "na" zinaning'inia kulia. Kompyuta yake ilikuwa imezimwa tangu alipoondoka. Kazi mpya ilikuwa bado haijavutwa kuingia humo. Alikuwa anatazama faili la zamani.

Nikamsogezea mdomo sikioni. "Kaka, hii ni ile ya Pasi. Mpya haijaingia humu."

Vidole vyake vikasimama. Hakugeuka.

"Usiseme kwa sauti, dada."

"Tangu lini?"

"Juzi. Niliamka tu, hata lile tundu halipo." Alizungumza bila kufumbua midomo vizuri, uso bado kwenye kioo, bado anatabasamu kwa ajili ya watu. "Nilikuwa nimekuja kuaga. Nimeshamwambia mama watoto nitasema nikifika tu. Wameanza kunipigia makofi kabla sijasema. Nitasema Jumatatu. Leo waache."

Nilitazama mlangoni. Wifi alikuwa amejifunika mdomo na pochi.

"Mkuu bado anacheka?" akaniuliza.

Nikatazama. "Bado anacheka."

"Haya," akasema, akaendelea kuteremsha kurasa.